Watangazaji wa jana na wa leo: nani hasa alituheshimu sisi wasikilizaji wa Dodoma?

Fundi wa Nkuhungu ameuliza:

Ndugu zangu wa Dodoma na mikoa ya jirani, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Nkuhungu, na kwa kazi yangu redio huwashwa saa moja asubuhi ninapofungua kibanda na huzimwa ninapofunga. Sidhani kama kuna watu wanaowasikiliza watangazaji kutushinda sisi mafundi cherehani, maana macho na mikono viko kwenye kitambaa lakini masikio hayana kazi nyingine. Natanguliza maelezo hayo ili isionekane kwamba ninauliza kwa kusikia mara moja tu.

Wiki iliyopita kituo kimoja cha hapa mjini kilikuwa kinasoma tangazo la kukatika kwa maji. Mtangazaji, kijana mwenye sauti nzuri sana, alizitaja Makole, Ipagala na Nzuguni bila taabu, kisha akafika Ng'hong'honha. Alijaribu mara moja, akakwama katikati ya neno, akacheka, mwenzake naye akacheka, akasema kwamba majina mengine ni mtihani, akamalizia kwa "na maeneo mengine ya jirani", halafu akaweka wimbo. Mama mmoja aliyekuwa kwenye benchi langu akisubiri sketi ya shule ya bintiye anaishi huko huko Ng'hong'honha. Aliniuliza, "Fundi, sasa kwetu maji yapo au hayapo?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu mimi nami nilisikia kicheko tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo nalileta kwenu. Nilikua na sauti za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kila nikikumbuka watangazaji wa wakati ule naona kama walituchukulia kwa uzito zaidi kuliko hawa wa leo, ambao wako nasi mji mmoja na pengine tunapishana nao sokoni Majengo. Je, ni kweli walikuwa hivyo, au ni mimi ninayeukumbuka ujana wangu na kuusingizia redio? Naomba anayejibu ataje mtangazaji au kipindi na aeleze sababu, tusiishie kusema "wa zamani walikuwa bora".

Mwalimu Mstaafu, Kongwa:

Mbukwenyi nyote. Fundi, mwaka 1984 nilikuwa nafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Manyoni. Redio yangu ilikuwa ya mbao, yenye betri kubwa ambazo zilipoanza kuchoka tulizianika juani juu ya tembe tangu asubuhi, ili usiku zitufikishe angalau mwisho wa taarifa ya habari ya saa mbili. Siku moja yalisomwa matangazo ya vifo. Wa umri wangu wanaujua mpangilio wake: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani aliyeko Morogoro, fulani aliyeko Kahama, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Ndani ya orodha ile nililisikia jina langu, na marehemu alikuwa baba yangu mkubwa, aliyenilea.

Kijiji chetu ni Ng'hambi, wilaya ya Mpwapwa. Aliyesoma tangazo lile, ambaye mpaka leo sijamjua ni nani kwa kuwa wasomaji wa matangazo hawakuwa na desturi ya kujitaja, alilitamka jina la Ng'hambi kama mama yangu anavyolitamka, pumzi ikitokea puani. Alilisoma polepole, akalirudia tangazo zima mara ya pili, na hakuongeza neno lake hata moja. Kesho yake nilipanda treni hadi Gulwe. Mazishi sikuyawahi, lakini matanga niliyakuta. Kama angesema "na vijiji vingine vya jirani", mimi ningeendelea kufundisha hesabu za sehemu Manyoni nisijue kwamba nimefiwa.

Umetaka tutaje majina. Mimi nitamtaja marehemu David Wakati kwa usomaji wa habari, kwa sababu kila sentensi yake ilikuwa na mwisho. Ulijua jambo moja limekwisha na jingine linaanza. Nitamtaja Bibi Deborah Mwenda wa kipindi cha Mama na Mwana, ambaye wanafunzi wangu walikuwa wakizisimulia upya hadithi zake darasani Jumatatu, wakigombania nani aige sauti ya fisi. Katika mpira nitamtaja Ahmed Jongo. Hapa wengi tutakubaliana, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. Alikuonyesha upande wa kushoto na kulia wa uwanja ambao hujawahi kuuona.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Ile midundo ya ngoma iliyotangulia taarifa ya habari ilipigwa na Mzee Morris Nyunyusa, Mgogo asiyeona, ambaye peke yake alizipiga ngoma zaidi ya kumi kwa wakati mmoja. Kabla mtangazaji yeyote wa Dar es Salaam hajafungua kinywa, aliyesikika kwanza nchi nzima alikuwa mtu wa huku kwetu. Pengine ndiyo maana sisi wazee wa Kigogo tuliiona redio ile kuwa ni yetu, ingawa studio zake zilikuwa mbali.

Niliyewahi Kukaa Studio:

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa msiba huo hata kama miaka imepita. Nami nimefanya kazi ya utangazaji kwa miaka kadhaa katika kituo kimoja cha mkoa, ambacho sitakitaja kwa kuwa wenzangu bado wapo. Naomba nieleze kwa nini kijana wa Fundi alikwama, kwa sababu tukimlaumu yeye peke yake tutakuwa tumemwonea.

Redio ya zamani ilikuwa moja. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, Radio Tanzania yenyewe ikapata jina hilo mwaka 1965, na mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi, mtangazaji wa Tanzania Bara alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara, mwenye mkubwa wake, na mwenye karatasi mezani. Msomaji wa habari alikuwa msomaji wa habari. Fundi mitambo alikuwa mtu mwingine upande wa pili wa kioo. Karatasi ilimfikia msomaji kabla ya muda, akaipitia kwa sauti, akaweka alama mahali pa kupumua, na neno lililomtatiza akaliuliza. Wale niliowakuta kazini wakielekea kustaafu walikuwa bado na tabia hiyo. Ungewakuta wamesimama peke yao kwenye kona ya korido wakiisomea kuta taarifa ya dakika kumi.

Sasa nikueleze asubuhi yangu mimi. Niliingia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Niliwasha kompyuta, nikapanga nyimbo, nikaendesha mitambo kwa mkono mmoja na kujibu simu ya studio kwa mkono mwingine, huku meseji za wasikilizaji zikiingia kwenye simu ya kiganjani ambayo ilikuwa ya kwangu, kwa bando la kwangu. Tangazo la maji lililetwa likiwa picha iliyopigwa kwa simu, ikiwa na kivuli cha kidole juu ya mistari miwili, nami nikalisoma hapo hapo hewani kwa mara ya kwanza. Nililipwa kwa asilimia ya matangazo niliyoyatafuta mwenyewe mchana, kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi kuliko kwenye orodha ya kata. Wapo waliopita hali hiyo na bado wakawa watangazaji wazuri. Mimi sikuwa miongoni mwao, ndiyo maana leo nauza vipuri vya pikipiki.

Kilichotuokoa kuhusu majina hakikuwa chuo. Mlinzi wetu wa getini alikuwa mzee wa Kigogo, naye ndiye aliyekuwa kamusi ya kituo. Mtu ungemwona anatoka studio mbio wimbo ukiwa unapigwa, anafika getini, anauliza, "Babu, hii inasomwaje?", anarudi akilirudia neno midomoni kama mtoto aliyetumwa dukani. Ntyuka, Ng'hong'honha, Chihanga, yote tuliyapata getini. Baadaye msichana mmoja wa zamu ya jioni alianza kuyaandika kwenye daftari la mistari, jina upande mmoja na matamshi upande wa pili, na daftari likakaa mezani. Mzee alipoacha kazi lile daftari ndilo lililobaki. Nilipoondoka nililiacha likiwa na kurasa tano zilizojaa. Kama bado lipo sijui nani analitumia.

Mwanachuo wa UDOM:

Shikamooni wakubwa zangu. Nimesoma kwa heshima, lakini naomba kutofautiana nanyi kidogo, kwa sababu naona kwamba mnalinganisha usomaji wa karatasi na kazi ambayo siyo ya kusoma karatasi.

Mimi nimekulia Singida na sauti za utoto wangu ni za Jahazi, kipindi cha jioni cha Clouds FM. Marehemu Ephraim Kibonde na marehemu Gadner G. Habash walikuwa wakiingia jioni tukitoka shule, na hawakuwa wakinisomea chochote. Walikuwa wakizungumza, wakibishana, wakitaniana, na katikati ya utani ule nilijifunza mambo ya bei, siasa na mpira kuliko ambavyo ningejifunza kwenye taarifa yoyote. Kibonde alipofariki Machi 2019 baba yangu, ambaye siku zote aliwaita "wapiga kelele wenu", alikaa kimya mezani, akasema kwamba jioni haitakuwa ile ile. Siamini kwamba mtu anayefanya jioni ya watu wa mkoa mwingine iwe yake anawadharau.

Pia niseme wazi kwamba mtangazaji wa zamani alisema nasi tukasikiliza. Kama alikosea, nani angemwambia? Ungeandika barua, ukanunua stempu, ukasubiri wiki tatu. Huenda na wao walikuwa na Ng'hong'honha zao ambazo hazikukumbukwa kwa sababu hapakuwa na wa kuzirekodi. Leo hapa Dodoma yupo dada mmoja wa kipindi cha mchana katika redio ya hapa ambaye msikilizaji akilalamika kuhusu dampo, taa za barabarani au nauli ya bajaji, yeye anampigia simu mhusika pale pale hewani, na mhusika asipopokea, simu inaita tunaisikia sote mpaka inakatika. Hilo nalo ni kutuheshimu. Kiswahili chake kina dosari, nakubali; anasema "masaa" na "kupelekea" kila baada ya dakika mbili, na wakati wa uchaguzi alituhimiza tukapige "kula". Nilicheka. Hata hivyo nilikwenda kupiga kura.

Mama wa Bahi:

Mwanangu wa UDOM, umesema neno la maana na mimi nitaliongezea uzito kutoka upande wa sisi tuliokuwepo, maana nina umri wa kuikumbuka redio ile na pia nina sababu ya kutoilamba miguu.

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki, ukizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Mle ndani alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu ambaye mwishowe alimwacha akaanza kujitafutia riziki. Dada yangu aliyeolewa Morogoro alikuwa akija likizo anasimulia habari za Mkwaju kama jirani yake. Mimi nilikaa hapa Bahi na redio nzima, nikitafuta kipindi hicho saa hiyo hiyo anayoitaja, nikakuta kituo chetu cha Dodoma kinarusha kitu kingine. Nilidhani mtambo ni mbovu, au siku nimezikosea, na dada yangu alidhani kwamba sipendi kusikiliza.

Miaka mingi baadaye mwanangu aliyesoma mambo ya afya ya jamii aliniletea maelezo. Watafiti walikuwa wameichagua Dodoma kuwa eneo la kulinganishia. Mikoa mingine isikie, Dodoma isisikie, kisha watu waulizwe maswali ionekane kama mchezo umebadilisha chochote. Ndiyo maana ulitufikia mwaka 1995, baada ya wenzetu kuusikiliza kwa miaka miwili. Naelewa kwamba elimu hupatikana hivyo, na nimeambiwa kwamba utafiti ule unasomwa duniani kote. Lakini ninyi mnaosema kwamba redio ya zamani ilituheshimu, nikumbusheni ni mtangazaji gani alitutamkia hewani kwamba ndugu wasikilizaji wa Dodoma, mchezo huu kwenu bado. Mimi sikumsikia, na haikuwa kosa la watangazaji, maana wengi wao pengine hawakujua. Nataka tu tusiwavike taji la kila kitu.

Baada ya kusema hayo, mtangazaji wangu mimi ni Julius Nyaisanga, Uncle J, aliyefariki Oktoba 2013 kule Morogoro. Mwalimu amesifu usomaji. Mimi nasifu namna mtu yule alivyozisoma salamu. Tulikuwa tukinunua kadi za salamu, tunaandika majina ya watu kumi kwa kalamu ya wino, wengine mwandiko wao kama njia ya mchwa. Kadi ya mtu wa Bahi Sokoni na kadi ya mtu wa Oysterbay alizisoma kwa furaha ile ile. Kadi yangu ilisomwa mara moja tu maishani, mume wangu akiwa amekwenda kununua mafuta ya taa, hivyo hakuamini mpaka majirani walipokuja kutoa ushahidi. Na kwa wanaodhani kwamba watangazaji wanatoka sayari nyingine, hapa Bahi tuliwahi kuwa na mkuu wa wilaya aliyetokea kwenye utangazaji, Betty Mkwasa, na mkutanoni ulisikia tofauti: hakupiga kelele kwenye kipaza sauti, alikiachia kifanye kazi yake.

Mwalimu Mstaafu, Kongwa:

Mama wa Bahi, habari ya Twende na Wakati sikuijua, na mwaka 1993 nilikuwa nimekwisha kuhamia Kongwa. Kwa hiyo na mimi nilikuwa ndani ya kipimo hicho bila habari! Nakubali kwamba sifa nilizozitoa zinahusu watu waliokuwa nyuma ya kipaza sauti, si waliopanga nani asikie nini. Mwaka 1973 wakati wa Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa njia ya redio, nilikuwa kijana, na kikundi chetu kilikuwa kikikusanyika chini ya mbuyu na redio moja na kitabu kimoja. Inasemwa kwamba nchi nzima walishiriki watu wazima wapatao 2,000,000. Siku zile redio ilikuja kwetu kwa makusudi. Nimezoea kukumbuka hiyo na kusahau nyingine.

Kwa mwanachuo: "masaa" nakusamehe. "Kupiga kula" hapana.

Fundi wa Nkuhungu:

Nawashukuru nyote, na Mwalimu, shikamoo. Nimejibiwa zaidi ya nilivyouliza, na naona kwamba swali langu nililiweka vibaya, kwa sababu nililinganisha watu wakati nilichokuwa nakitafuta ni lile daftari la mistari.

Baada ya kusoma maelezo ya ndugu aliyewahi kukaa studio niliamua kupiga simu kituoni, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika miaka yote ya kusikiliza. Ilipokelewa na kijana yule yule, wimbo ukiwa unapigwa. Nilimweleza kwa adabu. Sikutegemea jibu alilonipa. Aliniambia kwamba yeye kwao ni Tukuyu, ana miezi minne hapa mjini, na siku ile alicheka kwa aibu si kwa dharau, kisha akaomba nimfundishe. Bahati nzuri mama wa Ng'hong'honha alikuwa amerudi kurekebishiwa kiuno cha ile sketi, nikampa simu. Alimwelekeza kama anavyomwelekeza mtoto: ianze ng' ya ng'ombe, halafu sukuma pumzi puani, usiikaze, sasa rudia. Kijana alirudia mara tatu. Ya tatu ilikuwa nzuri kiasi kwamba mama alicheka kwa raha na kumuuliza kama kweli yeye ni Mnyakyusa.

Jana asubuhi tangazo la maji limesomwa tena. Kijana wangu hakuwa zamu, aliyekuwepo ni mwingine, na alipofika pale pale alisema, "Ngo-ngo-na, samahani kama nimekosea, wenyeji mtatusahihisha." Hakuruka jina, na hakucheka. Mama alikuwa kwake, sijui kama alisikia. Ndugu uliyekaa studio, lile daftari lilikuwa limepangwa kwa herufi au kwa kata? Nina kaunta-buku jipya hapa dukani, na wateja wangu wanatoka karibu kila kata ya jiji hili.